Dolutegravir ya watoto, ile ya kuyeyusha: uzoefu wangu kama mlezi

Nawalea watoto wawili wa marehemu kaka yangu, wote walizaliwa na VVU. Mlezi mwenzangu, kama mtoto wako hajafikisha kilo 20 na bado anapewa dawa ya VVU ya maji ya lopinavir na ritonavir, muulize mhudumu wako kuhusu kidonge cha dolutegravir cha miligramu 10, ambayo nayo ni dawa ya VVU.

Aliyewahi kumpa mtoto ile dawa ya maji hahitaji kusimuliwa. Ni chungu, uchungu wa kung'ang'ania ulimini, na ndani yake asilimia 42 ni kilevi. Mara mbili kwa siku nilikuwa namfunga kijana wangu, yule mdogo, kwa kanga ili mikono isinizuie. Akimeza, anatapika, nami nabaki na swali lile lile: nimrudishie dozi au niache? Nilipomchanganyia kwenye chakula, akaanza kukikataa hata chakula. Kipimo cha wingi wa virusi kikarudi kiko juu, nikaulizwa kama naruka dozi. Sikuruka hata moja. Nusu ya dawa ilikuwa inaishia kwenye kanga.

Kidonge hiki kina ladha ya stroberi na mstari katikati wa kukigawanyia. Unakitia kwenye maji safi kidogo, unakoroga hadi kiyeyuke, unampa kabla nusu saa haijapita, kisha unasuuza kikombe na kumpa yale masuuzo, kwa sababu dawa hubaki chini. Kawaida ni mara moja tu kwa siku. Mimi nampa asubuhi, maana dolutegravir huweza kumkosesha mtu usingizi. Dozi hufuata uzito: mtoto wa kilo 10 hadi chini ya 14 hupewa viwili, wa kilo 14 hadi chini ya 20 viwili na nusu. Kwa hiyo usikubali kuondoka kliniki mtoto hajapandishwa kwenye mizani. Jambo jingine, vidonge vitano vya kuyeyusha havilingani na kimoja cha miligramu 50 cha wakubwa, ingawa hesabu inavutia. Hivi vya kuyeyusha huingia mwilini kwa wingi zaidi, usibadilishane mwenyewe.

Wanaosema ni ladha tu iliyobadilika, si kweli. Utafiti wa ODYSSEY, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto na vijana waliotumia dawa zenye dolutegravir walishindwa na tiba kwa nadra kuliko waliokuwa kwenye dawa za kawaida za wakati ule. Mwisho wa mwaka 2020 yalifikiwa makubaliano yaliyoshusha sana bei ya dawa hii kwa nchi maskini. Kwa kijana wangu, virusi vimefubaa. Nililia pale pale mbele ya muuguzi.

Kisha ikaja TB. Mtoto mdogo hajui kutoa makohozi, lakini siku hizi hata choo chake hupimwa kwa mashine ya vinasaba, na ndivyo TB yake ilivyogundulika. Dawa za TB za watoto nazo zimeboreshwa, zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja kinachoyeyuka, chenye ladha ya matunda. Na kwa kuwa TB yake haikuwa kali, alitibiwa miezi 4 badala ya 6, utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliupitisha baada ya utafiti wa SHINE.

Hapa ndipo nina lawama. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hupunguza dolutegravir mwilini, kwa hiyo mtoto anatakiwa apewe dozi ile ile ya dolutegravir mara mbili kwa siku hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Kwenye kliniki tuliyokuwa tukihudhuria, dirisha la TB na dirisha la ARV, yaani dawa za VVU, kila moja lilikuwa na faili lake na siku yake, na aliyeandika dawa za TB hakujua mtoto anatumia nini upande wa pili. Ni mfamasia aliyeshtuka akaturudisha. Mgonjwa ni mmoja, kwa nini asionwe na mtu mmoja siku moja? Ukiingia chumba chochote, taja dawa zote anazomeza mtoto, hata za kuongeza damu, maana madini ya chuma pia huingiliana na dolutegravir.

Kasoro ya kidonge chenyewe ni kwamba hakitoshi peke yake, unakipa pamoja na dawa nyingine mbili za VVU, abakavir na lamivudini. Kimekwisha kutengenezwa kimoja chenye zote tatu, nacho huyeyuka vile vile. Kitafuteni.

Dada yake ni kijana, amepita kilo 30, anameza kidonge kimoja cha wakubwa. Tatizo lake ni chupa: inalia kama kayamba kwenye begi la shule. Tunaijaza pamba. Kilichomsaidia zaidi ni siku ya vijana kliniki, ambako wenzake waliokulia na VVU hukaa pamoja, anazungumza na mhudumu bila mimi chumbani, na anaondoka na dawa za miezi mitatu bila kukosa masomo kila mwezi. Nimeomba mdogo wake aandikishwe huko mara tu umri wake utakaporuhusu.