Rangi ya Maji Nyuma ya Tangi la Samaki: Inafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunachambua rangi ya maji, hii hii ya ukutani, nyeusi isiyong'aa, kopo la lita moja, kwa kazi ambayo haijaandikwa kwenye kopo: kupaka kioo cha nyuma cha tangi la samaki. Na inapakwa upande wa nje. Ndani hakuguswi, kule ni kwa samaki.

Jibu nawapa mapema: kwa bei yake, sijaona cha kuishinda. Lita moja inafunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Tangi hili lina urefu wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 45, yaani nyuma yake haifiki nusu mita ya mraba. Piga mikono minne, kopo bado zito. Inayobaki paka stendi.

Sogeeni karibu. Huu ni mkono wa kwanza, nimeupiga kwa rola ndogo ya sponji. Mnaona ulivyo na mabaka, taa inapenya kila mahali? Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ukishtuka ukaongeza rangi nzito, inachuruzika. Sasa tuzunguke mbele. Mnakiona kidoti hiki cheupe? Ni unyoya wa kitambaa, umenaswa kati ya kioo na rangi. Ukutani macho yanaona mkono wa mwisho. Kwenye kioo yanaona wa kwanza. Mikono inayofuata inaziba mwanga tu, uchafu haiufichi. Kwa hiyo nguvu zako zote weka kwenye kusafisha: siki au spiriti, kitambaa kisichoacha manyoya, halafu vidole mbali, maana rangi haishiki penye mafuta. Na pembeni, kwenye silikoni, ziba kwa tepu ya karatasi, kwa sababu silikoni nayo inaikataa rangi.

Mkono wa pili usiuharakishe. Ukipitisha rola juu ya rangi iliyokauka nusu, inainuka kama utando wa maziwa. Sisi wa pwani, hasa wakati wa masika, tusitegemee saa zilizoandikwa kwenye kopo. Acha mpaka kesho yake. Ukimaliza, zima taa, washa tochi nyuma ya kioo, utazame kwa mbele. Kila kitundu kitajionyesha, nawe unakigusa kwa brashi.

Udhaifu wake? Haishiki kioo kwa nguvu. Ukucha unaichubua, na tangi likisuguana na ukuta inakwaruzika. Rangi ya kupuliza inashika vizuri zaidi na inatoka laini. Lakini mimi bado nachagua ya maji, kwa sababu ukiichoka nyeusi unachukua wembe na maji ya uvuguvugu, kioo kinarudi kilivyokuwa. Zile karatasi zenye picha za matumbawe sizipendekezi kabisa: matone yakishuka nyuma na kuingia kati ya karatasi na kioo, unapata mabaka ya unyevu yanayoonekana mpaka mbele.

Kwa nini nyeusi? Inameza waya wa hita na mabomba ya filta, na samaki anang'ara. Mtazame huyu wa njano wa Ziwa Nyasa, Labidochromis caeruleus, yule mstari mweusi wa pezi la mgongoni tu ndio unaofifia. Tena si macho yetu peke yake. Samaki wengi hujibadilisha kufuata mahali walipo: mahali peusi, chembe nyeusi husambaa ndani ya seli za ngozi na rangi inakolea, mahali peupe hujikusanya na samaki anapauka. Ila ukifuga moli weusi, chukua bluu, kwenye nyeusi watapotea.

Na wale ambao tangi lina samaki tayari: kama kuna nafasi ya mkono kupita nyuma, tumia rangi ya maji kwa brashi, madirisha wazi, na mfuniko uwe umefungwa. Ya kupuliza usiithubutu ndani ya chumba hicho, kwa sababu pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Kama nafasi haipo, kata manila nyeusi kwa kipimo cha kioo, ibandike kwa nje, itakushikia mpaka siku utakayolimwaga maji tangi.