Siku tatu na mabaharia wa miaka ya 1650 pale Kew: uzoefu wangu

Nimekuwa karani wa mahakama Tanga miaka kumi na minne, kwa hiyo mtanisamehe nikiwatazama makarani kabla ya mabaharia. Nilikwenda London kumtembelea binti yangu anayesoma huko, nikaomba siku chache za kwenda Kew, zilipo Nyaraka za Taifa za Uingereza. Nilitaka kusoma ushahidi uliotolewa katika mahakama yao ya mambo ya bahari, karne ya 17. Binti aliniuliza kama sijachoka na majalada.

Kwanza mambo ya mlangoni. Huduma ni bure. Unajiandikisha upewe kadi ya msomaji, unakwenda na kitambulisho cha jina na kingine cha anuani, na majalada unayaagiza mapema. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Begi linabaki kabatini na vitu vyako unaingia navyo kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Simu unaruhusiwa kupigia picha kurasa, bila malipo, na hilo peke yake linatosha kunilipa nauli ya treni. Jumapili na Jumatatu wamefunga. Mimi nilifika Jumatatu, msiniulize zaidi.

Majalada ya ushahidi yanaitwa HCA 13; HCA ni kifupi cha jina la mahakama hiyo, High Court of Admiralty. Ukianza, anza na miaka ya 1650. Wakati huo Bunge lilikuwa limeondoa Kilatini katika kesi, hivyo hata vichwa vya hati ni Kiingereza. Ukienda nyuma ya hapo, au mbele baada ya 1660, kichwa ni Kilatini ingawa maneno ya shahidi yenyewe ni Kiingereza.

Jalada lililetwa ni zito kama tofali, likalazwa juu ya vipande vya sponji ili mgongo usivunjike. Nikafungua, nikaona sijui kusoma. Herufi e imegeuka nyuma, s ndefu unaidhani f, na h inaning'inia chini ya mstari kama kamba ya nanga. Nilikuwa nimelipia programu moja inayodai kusoma miandiko ya kale, nikaipa picha. Ilinirudishia takataka. Hela ile imekwenda na maji. Kilichonisaidia ni masomo ya bure ya kusoma miandiko hiyo yaliyo kwenye tovuti ya Kew penyewe, pamoja na kazi ya watu wa MarineLives, wanaojitolea kunakili ushahidi huu wa miaka ya 1650 na kuuweka mtandaoni. Ukisoma nakala yao huku picha ya ukurasa iko pembeni, siku ya pili jicho linafunguka.

Sasa utamu wenyewe. Katika mahakama ile shahidi hakupanda kizimbani. Alihojiwa faragha, karani akaandika, na jaji akasoma karatasi. Kila ushahidi unaanza vilevile: jina, mtaa, kazi, umri "au karibu na hapo". Mitaa ni ile ya kandokando ya Thames: Wapping, Ratcliff, Limehouse, Shadwell. Kisha baharia anageuzwa kuwa "shahidi huyu" na kila kitu kinasemwa kwa nafsi ya tatu. Hapo nilicheka peke yangu. Hata sisi, kabla ya sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mzee alikuwa anatoa ushahidi kwa Kiswahili chake cha Pangani na kwenye kumbukumbu anaonekana anazungumza Kiingereza safi. Najua yanayopotea njiani.

Ila kuna sehemu ambayo karani hakuweza kuipiga pasi, nayo ni maswali ya dodoso ya upande wa pili. Umemjua mdai miaka mingapi? Nani amekuita? Nani anakulipia gharama za kuja? Ukitoa madeni yako yote, una mali ya kiasi gani? Na lile linalonifurahisha kuliko yote: kama ungekuwa na uwezo, ushindi ungempa nani? Wengi wanajibu kwa lugha ya kujihami, kwamba wao wanataka haki itendeke tu. Nimewasikia hao hao Tanga.

Kesi nyingi nilizosoma ni za mshahara na shehena. Sukari imelowa: je, ni dhoruba, au wapakizi walipanga vibaya? Mwenye mali anasema ni uzembe, na baharia anaeleza mawimbi yalivyopanda juu ya sitaha na pampu zilivyofanya kazi usiku kucha. Usimwone ana huruma na nahodha. Chombo kisipofikisha mzigo, nauli ya mzigo hakuna, na bila nauli hiyo baharia naye hana mshahara. Kila pampu aliyoitaja ilikuwa na tumbo lake ndani.

Kosa langu kubwa lilikuwa tarehe. Shahidi wa Februari 1654 alikuwa anaeleza safari ya Novemba 1654. Nikaandika kwenye daftari "MWONGO", nikapigia mstari. Kumbe mwaka wao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari ile kwa hesabu yetu ni 1655. Nilifuta kwa aibu. Hiyo ndiyo faida ya penseli.

Chini ya ushahidi kuna sahihi au alama. Mmoja wangu alichora herufi mbili za mwanzo wa jina lake, kubwa, za kutetemeka, na wino umetuama pale alipoanzia, kama mtu aliyekaa kwanza akafikiri.

Nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ushahidi hauko pamoja na matokeo ya kesi: madai unayatafuta HCA 24, kumbukumbu za vikao HCA 3. Nilitaka kujua kama yule wa herufi mbili alilipwa. Nilikumbuka kuagiza HCA 3 Jumamosi jioni, na ndege yangu ilikuwa Jumapili.