Chausiku na kifaa cha kuchomeka ukutani: baada ya chupa moja

Tulipohama Tabata kwenda kupanga ghorofani, paka wangu Chausiku alipoteza uwanja akabaki na vyumba viwili. Tena kila alfajiri shume mmoja wa mtaani alikuwa anakuja kukaa dirishani kumtolea macho. Haukupita muda tumbo la Chausiku likawa jeupe bila manyoya, mapaja nayo hivyo hivyo. Ukipapasa palikuwa panakwaruza kama kidevu kilichonyolewa juzi, yaani manyoya hayakuwa yanang'oka, alikuwa anayakata mwenyewe kwa kujilamba.

Nikaambiwa ni msongo, ninunue kile kifaa cha soketi cha kumtuliza paka, kinachotoa feromoni, mfano wa ile harufu ambayo paka huacha anaposugua shavu kwenye kiti. Bahati nzuri nilipita kwanza kwa daktari wa mifugo. Alimchana, akakung'utia uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa, vidoa vikageuka vyekundu: kinyesi cha viroboto. Na mimi niliapa hana hata mmoja! Kumbe anayejilamba sana huwameza. Daktari akanitajia utafiti wa 2006: kati ya paka 21 waliodhaniwa wanajilamba kwa msongo, 16 walikutwa na maradhi ya mwili peke yake, na wenye msongo mtupu walikuwa 2 tu.

Basi tukaanza na dawa ya matone shingoni. (Ya mbwa msithubutu, yenye permethrini huua paka.) Mapajani manyoya yakarudi, tumboni bado. Hapo ndipo nikanunua kifaa.

Chupa moja ni ya siku 30, na bei yake kwangu ni chakula chake cha mwezi mzima. Changu kilikuja na plagi ya pini mbili, ikabidi nitafute adapta. Nilikichomeka nyuma ya kochi, kosa, harufu haisambai; kinataka mahali pa wazi. Umeme ukikatika nacho kimelala. Mimi mwenyewe sikusikia harufu yoyote.

Wiki ya tatu tumbo likaanza kuota manyoya laini kama mahameli. Ila wiki hiyo hiyo nilikuwa nimebandika karatasi kwenye kioo cha chini asimwone shume, na jioni namchezesha kwa kamba hadi aheme. Sasa sifa nimpe nani? Kifaa nakipa nyota tatu. Chupa ya pili ipo kabatini, siichomeki mpaka nione kama ataanza tena.