Tanga la polyesta kwenye mashua ya mashindano: misimu miwili Lamu

Mashua yetu ni ya futi 26, na tangu ishushwe majini ilikuwa ikitwekwa tanga la marekani, kile kitambaa kizito cha pamba. Mwaka juzi, kabla ya mashindano ya Maulidi, tulichanga tukashonesha la polyesta. Lilitugharimu karibu mara mbili ya bei ya lile la pamba. Sasa limeshaonja kusi na kaskazi mara mbili mbili, naweza kulisema bila kulionea wala kulipendelea.

Uzuri wake utauona kwenye bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Kusi likivuma, kutoka mjini kwenda Shela ni kuukabili upepo njia nzima, bisho kwa bisho, Lamu mkono huu na Manda mkono huu. Hapo tanga la marekani lililochoka hufanya tumbo. Upepo ukizidi, kitambaa kinanyumbuka, mashua inainama badala ya kwenda, na vijana walio kwenye ubao wa mizani, ule unaotokeza ubavuni ili uzito wao uizuie mashua isilale, wanajisogeza nje mpaka ubao unawaishia. La polyesta hubaki na umbo alilolikata fundi. Siku ya kwanza kulitweka, nilipoishika kana, mpini wa usukani, nilihisi mashua inapanda joshi, inaelekea upeponi, yenyewe, sikuilazimisha. Mwaka ule tulifika boya la Shela kwa bisho mbili pungufu.

Lakini nusura tulipoteze kwa sababu ya uzi. Fundi wa kwanza alilishona kwa uzi wa pamba. Siku ya kulichukua nilimuuliza, "Fundi, uzi huu utahimili jua?" Akasema, "Uzi ni uzi, ndugu yangu." Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipokosea. Mwezi wa nne tukiwa mazoezini mshono wa karibu na goshi, pembe ya mbele ya tanga, ulifunguka kuanzia pindoni, urefu wa mkono mzima, kwa mlio kama wa kanga inayochanwa. Tukatua tanga upesi. Kitambaa hakikuwa na hata tundu. Uzi ndio uliokuwa umekufa, ukiushika unasagika vidoleni. Fundi mwingine aliirudia mishono yote kwa uzi mnene wa polyesta, zigizaga, mistari miwili, na mpaka leo haujaachia.

Tangu hapo kila Ijumaa napitisha ukucha juu ya mishono, kwa nguvu kiasi. Uzi ukikatika kwa ukucha, hautahimili upepo. Anza na sehemu ya juu inayofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, maana hiyo ndiyo inayokaa juani hata tanga likiwa limekunjwa. Polyesta haiozi kwa maji kama marekani, adui yake ni jua. Sisi tukirudi tunalisuuza kwa maji ya kisima, tunalikausha kivulini, halafu tunalifunika turubai. Dakika ishirini tu, tena vijana wanapiga soga.

Ukibadilisha tanga, badilisha na henza, kamba ya kulipandishia. Tulikuwa na kamba ya nailoni, nzuri sana kwa nanga kwa sababu inavutika, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kutwekea tanga. Unaifunga foromali ikigusa kapi, baada ya bisho ya tatu imeshuka shibiri nzima, na tanga lako la bei kubwa linakuwa kama la zamani. Tulipotia kamba ya polyesta foromali ilikaa palepale.

Yasiyonipendeza: kitambaa ni kigumu, na wakati wa kukisi, kulihamishia tanga upande wa pili, kinawakwaruza vijana viganja. Pia upepo ukiwa mdogo, marekani ukiimwagia maji inajibana na kushika pumzi yoyote iliyopo. Hili ukilimwagia maji hupati kitu. Na likichanika huwezi kulitia kiraka ufukweni kwa sindano na uzi wowote ulio nao.

Kwa hiyo mwenye mashua ya kuvulia au ya kubebea mchanga na boriti, mimi ningemwambia abaki na marekani. Kwa mashindano nalipatia nyota nne kati ya tano, na nimeshaagiza la pili. Safari hii uzi nimeununua mwenyewe, nikampelekea fundi mkononi.