Rafiki wa mazingira, kumbe mtaro ndio jaa lenu

Swali langu lilikuwa moja tu: maji ya virutubisho yakichoka, nayapeleka wapi? Fundi aliyekuja kufunga huu mtambo wa haidroponiki, yaani wa kuotesha mboga majini bila udongo, juu ya paa hata hakugeuka. "Fungua koki, bosi, yatashuka na bomba la mvua." Lita 200? Akacheka. "Si maji tu hayo!"

Maji tu! Hayo yamejaa nitrati na fosfati. Na katika miji mingi bomba la mvua haliendi kwenye usafishaji wa majitaka, linaishia mtoni. Mwani ukipata chakula hicho unatanda juu ya maji, unakufa, unaoza, na kuoza kwenyewe kunamaliza oksijeni. Samaki ndio wanaolipa. Halafu kila kifuniko cha mtambo kimebandikwa jani la kijani.

Kwenye matumizi ya maji sina neno. Utafiti wa Arizona wa mwaka 2015 ulikadiria lita 20 hivi kwa kilo ya saladi, shambani 250. Ila nishati nayo ilizidi ya shamba mara 80 hivi, hasa kwa kupasha na kupoza banda lililofungwa la kuoteshea. Paa lililo wazi halina mzigo huo. Pampu ya wati 40 ikizunguka usiku na mchana inakula karibu uniti moja ya umeme.

Tangi ndilo la kulilia. Jeusi, juani! Maji yakipita nyuzi 25 oksijeni inapungua, ukungu wa pithiamu unaingia, mizizi inakuwa ya kahawia na kuteleza kama kamasi. Hapo mtu atafanya nini? Atamwaga tangi zima kabla ya wakati wake, mtaroni. Rangi nyeupe kwa nje ingetosha. Weusi ubaki ndani kuzuia mwanga.

Na kumwaga kwenyewe kuna namna yake, ingawa kijikaratasi chao hakisemi kitu. Siku nne au tano kabla ya kubadilisha, acha kuongeza mbolea, jazia maji matupu. Saladi itanyonya kilichomo, na EC, kipimo cha wingi wa mbolea majini, iliyokuwa 1.6 itashuka taratibu. pH, kipimo cha uchachu wa maji, angalia kila siku, isitoke kati ya 5.5 na 6.5, maana maji yaliyopungua nguvu huyumba haraka. Yanayobaki zimua, sehemu moja kwa tatu za maji, umwagilie miti au vyungu. Badilisha mahali, la sivyo chumvi itajirundika kwenye udongo.

Ukiyafuata haya, mtambo unafaa, tena sana. Nilitaka kutoa nyota moja. Basi tatu, pampu yao haina kelele.

Hapana, mbili. Nimeinama kuitazama koki ya kumwagia: wameifungia mpira tayari, umekatwa kwa kipimo, mdomo wake umeingizwa ndani ya bomba la mvua.