Tepu ya silikoni kwenye mpini wa kisu cha kuwindia: inashika kweli, ila usiifunge tupu

Mwenye kisu cha kuwindia chenye mpini laini, ule wa mbao iliyopigwa vanishi ikang'aa au wa pembe iliyosuguliwa, anajua shida inaanzia wapi. Sio pale unapokichomoa kwenye ala. Inaanza ukishapasua tumbo, mkono umejaa damu na mafuta, umegeuza makali yaangalie juu ili usitoboe utumbo, na mpini unaanza kuzunguka wenyewe kiganjani. Damu ikianza kukauka angalau inanata, ila mafuta hayakauki, na kila ukishika mnyama unajiongezea mengine. Ndo maana mi sikubali mtu apime gripu ya kisu kwa mkono mkavu, kwa mkono mkavu mpini wowote utausifia.

Sasa hii tepu ninayoisifia ni ile ya silikoni inayojishika yenyewe, haina gundi kabisa, mafundi wanaitumia kuziba mabomba yanayovuja na kufunika nyaya. Unaivuta mpaka iwe kama mara mbili au tatu ya urefu wake, unaizungusha, na pale inapogusana na mwenzake inaungana ikawa kitu kimoja, haibanduki tena. Kwa sababu inajishika yenyewe tu na haishiki mbao, siku ukiichoka unaichana na mpini unabaki msafi bila ule utomvu mweusi wa tepu za umeme za kawaida. Hainywi damu, hainywi maji, ukioshea kwa maji ya moto na sabuni inarudi kama mpya, na kwenye baridi haigandi ikawa ngumu. Kwa mkono wenye maji na damu inashika vizuri sana, hapo sina neno.

Ila kwenye mafuta, tepu hii ikiwa imezungushwa tupu juu ya mpini laini haitoshi. Uso wake ni laini, na mafuta yakikaa katikati ya kiganja na silikoni unarudi kulekule. Kinachotakiwa ni umbo, mkono uwe na kitu cha kukwama. Wajapani walilielewa hili zamani sana, mipini ya panga zao za katana wanaivika kwanza ngozi ya taa, yule samaki bapa, ina vinundu vigumu, halafu juu wanasuka utepe wa hariri uliojaa mabonde na matuta. Kwa hiyo kabla ya tepu zungusha kamba nyembamba ya nailoni kwenye mpini, ukiacha nafasi ya kama upana wa kidole kati ya mzunguko na mzunguko, rudi nayo upande wa pili ili zikatane, kaza, ndo uje na silikoni juu. Matuta yatajitokeza, na hapo tofauti utaiona mara moja.

Kitu kingine ambacho maelezo ya kwenye pakiti hayakuambii maana hawakuitengeneza kwa ajili ya visu: anzia kwenye kitako cha mpini uje mbele kuelekea ubapa, kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliotangulia. Ukifanya hivyo vile vijingazi vidogo vya tepu vinatazama nyuma, mkono ukitaka kuteleza kwenda kwenye makali unavikuta vimesimama. Halafu ukifika mbele usiishie hapo, rundika mizunguko kadhaa mahali pamoja mpaka itokee nundu ya kuzuia kidole cha shahada. Kwangu hiyo nundu ndo muhimu kuliko vyote, kwa sababu kisu kikigonga mfupa kikasimama ghafla, mkono ndo unaendelea mbele, na visu vingi vya kuchunia havina kizuizi chochote pale. Ubapa ufunike kwa kadibodi nzito kabla hujaanza kazi, na baada ya kumaliza kiache kisu mpaka kesho yake ndo ukitumie, muungano unakomaa taratibu.

Ubaya wake upo. Silikoni hii haipendi makali hata kidogo, ikipata mkwaruzo mmoja ikiwa imevutika basi mpasuko unatembea wenyewe, kwa hiyo kisu usikitupe begi moja na msumeno wa mifupa. Mpini unanenepa, na kama ala yako ni ya kina, ile inayomeza na sehemu ya mpini, kisu kinaweza kisiingie mpaka mwisho, na kisu kisichoingia vizuri kwenye ala ni hatari kuliko mpini unaoteleza, pima kwanza. Na kama msuka wa kisu, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini, ni wa chuma kinachoshika kutu, unyevu ukijifungia chini ya tepu huuoni, hivyo msimu ukiisha ichane yote, kausha, kagua, funga mpya.

Nimetumia na njia nyingine, nizitaje kwa haki. Kipande cha tyubu ya baiskeli unachokivika kwa maji ya sabuni kinashika kwenye mafuta hata kuliko silikoni tupu, kimenenepa vizuri na kimebana, ila mafuta ya mashine yakikigusa kinavimba na kulegea, kwa hiyo kama kisu chako unakipaka mafuta ya aina hiyo kuzuia kutu angalia yasifike kwenye mpini. Parakodi, ile kamba nyembamba ya nailoni iliyosukwa, ukiizungusha kwenye mpini inapendeza kwenye picha, na kwa kisu cha kukatia kamba na matawi sina shida nayo, lakini kwa kuchuna hapana, inanyonya damu, haioshiki mpaka ndani, siku mbili tatu inanuka, na nailoni ikilowa inarefuka kidogo kwa hiyo mizunguko inaanza kucheza. Utepe wa raketi ya tenisi nao umetengenezwa kunyonya jasho, na damu unaifanyia hivyohivyo.

Kwa mwenye mpini wa mbao na muda wa kutosha, kuna dawa bora kuliko tepu: ondoa vanishi. Mara nyingi kinachoteleza ni vanishi, mbao yenyewe haina kosa. Msasa namba 220 mpaka ung'aavu uishe, usiende kwenye msasa laini zaidi ya hapo, halafu mafuta ya kitani kidogo kidogo, unafuta yanayobaki na kuacha yakauke kabisa. Vile vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, tandaza vikauke nje, mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Hili sio la kutishana, linatokea kweli. Na dawa ya mbu yenye DEET usiiguse halafu ukashika mpini, inalainisha vanishi na baadhi ya plastiki, watu wanalaumu kisu kimeanza kunata kumbe ni dawa.

Ukitaka kujua kazi yako imeshika, kisu kikiwa ndani ya ala iliyofungwa vizuri paka mkono mafuta ya kupikia na maji, kamata mpini, halafu mtu mwingine ashike ala na ajaribu kuizungusha na kuisukuma kuelekea kwako. Kama mpini unazunguka kiganjani, ongeza kamba chini ya tepu. Kama mkono unakimbia mbele, ongeza nundu.

Wenye visu vya kukunja tepu hii haiwahusu, ukizungusha unaziba mfereji ambamo ubapa unalala na kisu hakifungi. Nyie kateni vipande vyembamba vya tepu ya mchanga, ile yenye gundi upande mmoja na uso wa kukwaruza kama msasa upande wa pili, mvibandike pembeni mwa mpini tu, mbali na bawaba na mbali na kile kitasa cha kufungulia, na mkiona mchanga unakula ngozi ya kiganja piteni juu ya hiyo tepu kidogo na msasa wa zamani.