Nyama ya ng'ombe wa malishoni: mafuta ya yupi yana thamani ya pesa yako?

Mteja wa bucha huangalia wekundu wa nyama na wingi wa mifupa kwenye mizani. Mafuta huomba yatolewe, na hapo anatupa ushahidi. Mafuta ndiyo yanayosema ng'ombe alikula nini na alichinjwa akiwa na hali gani. Hapa nimewapanga ng'ombe wa kwetu Afrika Mashariki kwa ubora wa mafuta yao, bei nimeiweka kando.

Anza na rangi. Aliyekula majani mabichi ana mafuta ya rangi ya krimu au manjano, kwa sababu ya karotini iliyomo kwenye majani. Aliyefungiwa zizini akanenepeshwa kwa nafaka, pumba na mashudu ya pamba, mafuta yake huwa meupe, na mashudu yakizidi huwa magumu. Ila unjano peke yake usikudanganye: ng'ombe mzee wa maziwa, hasa mwenye damu ya Jersey, naye ana mafuta ya manjano, na nyama yake utaichemsha mpaka mkaa uishe. Kwa hiyo bonyeza. Mafuta mazuri ni makavu, yameshikana, hayana harufu kali. Ukiona yana majimaji na yanatetemeka kama jeli, ng'ombe huyo alikonda, akaanza kula akiba ya mwili wake. Mwache, hata kama muuzaji anakuapia.

1. Boran. Asili yake ni nyanda za Borana, kusini mwa Ethiopia. Wafugaji wa Kenya wamemchagua kwa ajili ya nyama kwa miongo mingi, na chama chao kilianzishwa 1951. Laikipia ana makundi ya kusifika. Tanzania utamkuta kwenye ranchi kama ya Kongwa. Sifa yake kubwa ni kunenepa kwa majani matupu. Mafuta hutanda mgongoni na mengine kidogo huingia ndani ya nyama, ingawa asitarajiwe kuwa na michirizi ya mafuta kama ya Angus, ng'ombe wa nyama wa Uskoti. Nundu yake ndiyo ya kuwahi: ikate kwa kukingama utaona nyuzi za nyama zimepishana na mafuta. Moto mdogo, chumvi, basi. Ukiikimbiza kwenye moto mkali, mafuta yote yanadondokea kwenye makaa na unabaki na nyuzi.

2. Zebu wa kienyeji, lakini kwa msimu. Huyu ndiye aliyejaa kwenye bucha zetu. Umbo dogo, nyama kavu, mafuta yake hukaa zaidi kwenye figo, kiunoni na nunduni. Dodoma, Singida na Shinyanga mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo aliyechinjwa kati ya Aprili na Juni anaweza kumkaribia Boran. Mnunue Oktoba uone: malisho yamekauka, ametembea kutwa kutafuta maji, kisha akapakiwa kwenye lori hadi mnada wa Pugu. Wakati huo namshusha hadi mkiani. Ndiyo maana swali la kwanza buchani kwangu ni katoka wapi na lini, mbegu baadaye.

3. Ankole. Yule wa mapembe makubwa, wa Kagera na magharibi mwa Uganda. Nyama yake ina mafuta kidogo, na wanaopunguza mafuta humpenda kwa hilo. Kwa mchuzi ni mzuri. Kwa kuchoma hukauka haraka.

4. Sahiwal na machotara wake. Ukoo wa Punjab. Wamasai wa Narok na Kajiado wamemchanganya sana na zebu. Ana uzito mzuri, ila chotara mmoja si sawa na mwingine, kwa hiyo mhukumu kwa kubonyeza tu.

Kuhusu afya, tusidanganyane. Majani huongeza omega-3 kwenye mafuta ya ng'ombe, lakini bado ni chache. Anayeitafuta hiyo anunue dagaa.

Jambo la mwisho ni sehemu unayokatiwa. Mafuta ya figo ni magumu kuliko yote, huganda upesi, na ndiyo yanayonata kwenye kaakaa pilau ikipoa. Yayeyushe uyatumie kukaangia. Kwa pilau yenyewe omba kidari: mafuta yake ni laini zaidi na hayaharakishi kuganda.